Trocando em Miúdos: Penzi Linapovunjwa Kuwa Chenji

Mbrazili akichoshwa na maelezo marefu yasiyofika, humtaka msemaji afanye kile ambacho Kireno cha kwao hukiita trocar em miúdos. Trocar ni kubadilisha. Miúdos ni vitu vidogovidogo, kwa maana ya sarafu na chenji, na ukienda buchani neno hilohilo ndilo firigisi, maini na vya ndani vingine. Yaani: hiyo noti yako kubwa ivunje, tuione imekaa kiganjani sarafu mojamoja. Kiswahili kina "kinagaubaga", na maana ingefika salama, ila fedha ingedondoka njiani. Na katika wimbo ninaotaka kuuzungumzia, fedha haipaswi kudondoka.

Wimbo wenyewe unaitwa Trocando em Miúdos. Muziki ni wa Francis Hime, mpiga piano wa Rio de Janeiro. Maneno ni ya Chico Buarque, aliyeuimba kwenye santuri yake ya 1978. Ni wimbo wa mwanamume anayeondoka nyumbani baada ya mapenzi kwisha. Asiyejua Kireno, akisikia mwendo wake wa taratibu na sauti isiyopanda, hudhani anambembeleza mtu. Akitafsiriwa hushangaa. Hakuna kubembeleza, hakuna laana, na hakuna mahali anaposema "sikupendi tena". Kuna orodha ya vitu: hiki baki nacho, hiki nakichukua, kile nirudishie.

Naamini anayetaka kujua maana ya wimbo huu asianze na hisia. Aanze na msamiati, kwa sababu Chico ameziweka hisia zote ndani ya majina ya vitu, na vitu hivyo ni vya Brazili, vya miaka ile.

Si kwamba Kireno cha Brazili kimepungukiwa maneno ya mtu aliyeumizwa na mapenzi. Kinayo mengi, na kila kizazi kimeongeza lake. Lupicínio Rodrigues wa Porto Alegre, aliyeishi kati ya 1914 na 1974, ndiye anayehusishwa zaidi na dor de cotovelo, maumivu ya kiwiko: kiwiko cha mtu aliyeegemea kaunta ya baa, kichwa kimelala kiganjani, glasi mbele yake, akimlilia aliyemwacha. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Maysa alipoimba Meu Mundo Caiu, watu walisema yuko kwenye fossa, yaani shimoni. Kizazi cha sasa kimeunganisha sofrer, kuteseka, na carência, kupungukiwa, kikapata sofrência, na Marília Mendonça wa Goiás aliitwa malkia wake hadi alipofariki kwa ajali ya ndege Novemba 2021, akiwa na umri wa miaka 26. Juu ya yote hayo limekaa saudade, ambalo dunia nzima imelisikia.

Yatazame vizuri. Yote yanataja kilichobaki baada ya mwingine kuondoka: kiwiko, shimo, upungufu, ukiwa. Kuacha kupenda kwenyewe, ile nukta ambapo kitu kilikuwepo na sasa hakipo, hakuna hata moja linaloitaja. Desamor lipo kamusini, lakini linataja hali, mahali pasipo na upendo. Halisemi upendo uliondoka saa ngapi.

Kiswahili nacho kiko hivyohivyo, na ushahidi umo katika sarufi yetu. Tunasema penzi limepoa, limechuja, limeingia mchanga, amemkinai mwenzake, moyo umemtoka. Vitenzi vyote vimevaa -me-, hali timilifu. Jambo limeshatokea, msemaji amefika baadaye akalikuta. Sijawahi kumsikia mtu akisema penzi lake "linaingia mchanga" sasa hivi, mbele ya macho yake. Huwa anagundua tu kwamba limeingia, na akitafuta siku lilipoingia haioni.

Hapo ndipo wimbo huu ulipojipatia kazi. Ukishindwa kuitaja siku, utafanya nini? Utahesabu mali.

Na mali ilikuwa inahesabiwa kweli nchini Brazili miaka ile. Chini ya Sheria ya Kiraia ya 1916, wanandoa walioshindwana hawakuwa na talaka. Walikuwa na kitu kiitwacho desquite. Neno limetokana na quite, mtu asiyedaiwa; desquitar ni kufidia hasara, kurudishiana hesabu mpaka asiwepo wa kumdai mwenzake. Waliopitia desquite waliruhusiwa kuishi mbalimbali, mali ikagawanywa, wajibu wa uaminifu wa ndoa ukaondoka. Ndoa yenyewe ilibaki pale pale. Mtu alikuwa hana mume nyumbani lakini ana mume kwenye daftari la serikali, na hakuweza kuolewa tena maadamu mume huyo yu hai. Wenye uwezo walivuka mpaka wakafunga ndoa Uruguay, ndoa ambayo nyumbani haikutambuliwa. Wengine waliishi pamoja bila cheti na watoto wao wakakua wakisikia minong'ono. Desquitada, kwa mwanamke, lilikuwa neno la kumpunguzia heshima mtaani. Kwa mwanamume, desquitado halikuuma hivyo.

Sina neno moja la Kiswahili la desquite. Talaka haifai, maana asili yake katika Kiarabu ni kufungua na kuachia, na ikitimia na eda ikiisha mwanamke yuko huru. Kutengana kunakaribia, lakini hakubebi ile harufu ya daftari la madeni. Mfasiri atalazimika kulieleza kwa sentensi nzima, na afanye hivyo bila kuona haya.

Seneta Nelson Carneiro alipigania talaka bungeni kwa zaidi ya miaka 20, na alikuwa akishindwa kwa sababu katiba ilidai theluthi mbili ya kura ili ibadilishwe. Aprili 1977 Rais Ernesto Geisel, jenerali aliyekuwa na shida zake za kisiasa, alilifunga Bunge kwa muda, na katika amri alizotoa akashusha kiwango hicho hadi zaidi ya nusu ya wabunge wote. Alikuwa na yake kichwani. Carneiro akapita katika mlango huohuo. Tarehe 28 Juni 1977 Marekebisho ya 9 ya katiba yalitangazwa, na tarehe 26 Desemba ikafuata Sheria namba 6.515. Neno desquite likafutwa sheriani, likaja separação judicial, utengano wa kimahakama, ambao baada ya miaka mitatu ungeweza kugeuzwa talaka. Mtu aliruhusiwa kuomba talaka mara moja tu maishani; kizuizi hicho kiliondolewa 1989. Na kulikuwa na kifungu kimoja ambacho mimi nakipenda kuliko vyote: waliokuwa wameanza kuishi mbalimbali kabla ya tarehe ile ya Juni, miaka mitano ikishatimia, waliweza kuomba talaka moja kwa moja. Serikali ilikiri kwamba watu hao waliachana zamani, yenyewe ndiyo iliyokuwa nyuma.

Chico hataji mahakama wala wakili. Lakini santuri ya 1978 ilitoka wakati nyumba nyingi zilikuwa zinajifunza lugha mpya ya kuachana, na wimbo wake una umbo la hati ya mgawanyo. Santuri hiyohiyo ndiyo iliyobeba Cálice na Apesar de Você, nyimbo zilizokuwa zimezuiwa na wadhibiti wa utawala wa kijeshi, na Cálice yenyewe inasimama juu ya neno moja lenye masikio mawili: kikombe, na "nyamaza". Huyu ni mtu aliyezoea kupitisha maneno mazito chini ya maneno mepesi. Tena anatoka katika ukoo wa watu wa maneno: baba yake, Sérgio Buarque de Holanda, alikuwa mwanahistoria, na Aurélio Buarque de Holanda, ambaye jina lake la kwanza limekuwa kwa Wabrazili jina la kamusi yenyewe, ni wa ukoo huo.

Sasa tuviangalie vitu.

Kitu cha kwanza anachoacha ni medida do Bonfim, kipimo cha Bonfim. Hapa wafasiri wengi hukwama, au huandika "utepe" wakapita. Ni utepe kweli. Mjini Salvador, Bahia, kuna kanisa la Nosso Senhor do Bonfim, na ndani yake sanamu ya Kristo msalabani iliyoletwa kutoka Setúbal, Ureno, mwaka 1745. Utepe uliitwa kipimo kwa sababu urefu wake, kama sentimeta 47, ulikuwa urefu wa mkono wa kulia wa sanamu hiyo. Zamani ulikuwa wa hariri, unavaliwa shingoni. Siku hizi hufungwa kwenye kifundo cha mkono kwa mafundo matatu, kila fundo na ombi lake, na hauruhusiwi kukatwa. Ukichakaa ukaanguka wenyewe, maombi yamekubaliwa. Lakini tazama jina. Bom fim ni mwisho mwema. Bwana wa Bonfim ni Bwana wa mwisho mwema, anayeombwa mtu afe vizuri, na kwa Kiswahili cha pwani tungesema husnul-khatima bila kubadilisha hata kidogo maana iliyokusudiwa. Huyu mwanamume anamwachia mkewe kipimo cha mwisho mwema, na anaongeza kwamba yeye hakikumfaa. Anayeandika "utepe" tu amemnyima msomaji wake mlango wa wimbo mzima.

Anachojibakizia ni santuri ya Pixinguinha, na hapo anaomba, kwa neno dogo la kutafuta ridhaa, kama mtu wa kwetu anayemalizia kwa "eti?" au "sawa?". Kwa masikio yangu, hapo tu ndipo sauti inapotikisika. Pixinguinha, yaani Alfredo da Rocha Vianna Filho, alizaliwa 1897 na kufariki Februari 1973 kanisani Ipanema, alipokwenda kwenye ubatizo. Ndiye baba wa choro kwa watu wengi, na wimbo wake unaopendwa kupita yote unaitwa Carinhoso, kutokana na carinho, ule upole wa mkono unaopapasa. Mwanamume anaacha nyumba, anaacha kumbukumbu zao nzuri, lakini upole wa muziki anataka kuondoka nao chini ya kwapa. Kisha anasema vingine vyote ni vyake yeye mwanamke.

Ndani ya hivyo vingine kuna lençóis, mashuka, yenye alama za mapenzi yao. Hapa Kiswahili kina haki ya kusimama kidogo, maana Kireno hakikupita pwani yetu kikaacha gereza na bendera peke yake. Kiliacha meza. Kiliacha kasha, kutokana na caixa. Kiliacha foronya, kutokana na fronha, na leso, kutokana na lenço, kitambaa, ambalo ni ndugu wa damu wa lençol. Sehemu ya msamiati wa Kireno ulioingia kwetu ni ya chumbani na mezani. Kwa hiyo mtu anayeimba kwa Kireno kuhusu nyumba inayovunjika anatumia vyombo ambavyo Mswahili amelalia na kulia tangu karne ya 16, na tafsiri ikifanywa vizuri masikio yetu hayapaswi kujisikia ugenini.

Baada ya mashuka inakuja pete. Kireno huiita aliança, neno lilelile la mapatano ya mataifa, na sisi tunalo "agano" linalokaa hapo barabara. Anamwambia anaweza kuiweka rehani au kuiyeyusha. Rehani huko si jambo la kichochoroni: ni kazi ya Caixa Econômica, benki ya umma iliyoanzishwa 1861 wakati wa Mfalme Pedro II, ambako familia za kila aina zimepeleka mikufu na pete zao mwezi unapokuwa mrefu. Caixa, kasha. Pete ya agano inaingia kasha la serikali, inapimwa gramu, inapewa bei ya dhahabu. Hiyo ndiyo trocar em miúdos kwa maana yake ya kwanza kabisa, na ndiyo sababu niling'ang'ania fedha isidondoke. Mahali pengine anamshauri akubali msaada wa kodi ya nyumba kutoka kwa mpenzi wake ajaye. Neno ni aluguel, kodi ya kila mwezi, hakuna lililo kavu kuliko hilo, na wivu wote wa mwanamume umejificha ndani yake.

Halafu anadai kitabu. Anadai Neruda yake, kwa jina la mwandishi, kama ambavyo sisi tungemwambia mtu "nirudishie Shaaban Robert wangu". Mwanamke aliichukua na hakuwahi kuisoma. Pablo Neruda, Mchile, mshindi wa Tuzo ya Nobeli ya 1971, alifariki tarehe 23 Septemba 1973, siku 12 baada ya majenerali kuipindua serikali ya nchi yake. Mbrazili aliyekuwa na kitabu chake rafuni katika miaka ile alikuwa na mashairi ya mapenzi, na pia alikuwa na msimamo. Nyumba ambamo mmoja anathamini kitabu hicho na mwingine amekiweka tu haikuanza kuvunjika jana. Ukinilazimisha nionyeshe ni wapi katika wimbo penzi lilipokufa, nitaonyesha hapo, kwenye kitabu kisichofunguliwa. Na hata hapo mwimbaji hasemi ilikuwa lini.

Kisha anabamiza geti, bila kelele. Kitenzi ni bater, ambacho ni kupiga, kubisha hodi na kubamiza. Wabrazili hukitumia kwa mlango unaofungwa kwa mkono mzito. Kubamiza bila kelele haiwezekani sana, na mwimbaji anaimba hivyo makusudi, kama mtu aliyejiapiza asilie.

Anaondoka na vitu vinne, na mpangilio wake ninaustahi mno. Cha kwanza kitambulisho: chini ya utawala wa kijeshi wa 1964 hadi 1985, kutembea bila kitambulisho kulikuwa kujitafutia shida na polisi. Cha pili saideira, kutokana na sair, kutoka. Ni glasi ya mwisho kabla ya kuaga baa, glasi ya kuagia. Cha tatu ndipo saudade, tena nyingi, imekaa katikati ya pombe na kinachofuata kama furushi mojawapo. Waliolifanya neno hilo kuwa mzigo wa taifa zima wangeliweka mwisho kabisa, kileleni. Chico ameliweka katika nafasi ya tatu. Asili yake ni neno la Kilatini la upweke, na Kiswahili kinalo "ukiwa", ambalo ningelitumia hapo kabla ya "hamu" au "majonzi".

Cha nne ni hisia hafifu tu, kwamba anaondoka akiwa amechelewa. Kwa Kireno cha mtaani, já vai tarde ni maneno anayosindikizwa nayo mtu asiyetakiwa: aende zake, hata amechelewa kwenda. Ni maneno ya anayebaki, husemwa mgongoni mwa anayeondoka, mara nyingi geti likiwa limeshafungwa. Huyu amemnyang'anya mkewe maneno hayo kabla hajayasema, akajisemea mwenyewe. Ameshayasikia tayari katika ukimya wa yule mwanamke. Hapo ule ukosefu wa neno tulioanza nao unapata jibu lake: wimbo hauwezi kusema mapenzi yaliisha lini, lakini unaweza kusema kwamba anayeondoka ameondoka baada ya saa yake. Na nchi nzima ilikuwa hivyo, na kifungu chake cha miaka mitano.

Limebaki jambo moja ambalo Kiswahili hakiwezi kulipokea kwa urahisi. Katika wimbo wote mwanamume anamwita mkewe você, na anapomtaja kama mtendewa anatumia lhe, kiwakilishi chenye adabu ya barua ya kiofisi. Miaka miwili baadaye, 1980, kwenye santuri iitwayo Vida, Chico alitoa wimbo mwingine wa kuachana, Eu te Amo, alioutunga na Tom Jobim na kuuimba na Telma Costa. Humo vitu vinakataa kugawanywa: kabatini koti lake limelikumbatia gauni la mwenzake, kiatu chake bado kimekikanyaga cha mwenzake, na anauliza ataondokaje ikiwa hawajui tena miguu ipi ni ya nani. Na humo kiwakilishi ni te, ni teu, kile cha karibu, cha kitandani. Mtu mmoja ameandika nyimbo mbili kuhusu kabati lilelile, na kwa kubadilisha silabi moja ametwambia katika ipi mapenzi yameisha na katika ipi bado. Sisi tuna "wewe" mmoja na "ku-" moja kwa wote. Ningeutafsiri Eu te Amo kwa "ku-" mtupu, na huu wa 1978 ningeuwekea "naomba" na "tafadhali" kila panaporuhusu, niufanye uzungumze kwa ile heshima ambayo wanandoa hawaitumii mpaka siku wanapogawana vyombo.